Bingwa Mtetezi: Anamtetea Nani?

 Tuko Namakwekwe, hapa Mbale chini ya mlima wa Wanale, ambapo Bwana ametupa pumzi ya kuandika tena. Tunajua kwamba karatasi hii hufika pia kwa jamaa zetu walio makambini, na mara nyingi husomwa kwa sauti, mmoja akisoma na nyumba nzima ikisikiliza. Basi someni polepole, maana safari hii tunazungumza juu ya neno moja tu.

Neno lenyewe lilitujia Jumapili moja baada ya ibada. Kijana wetu mmoja alikuwa amekuja kanisani amevaa tisheti mpya nyeupe, na kifuani imeandikwa kwa herufi kubwa: CHAMPION. Alikuwa ametoka kwenye semina ya siku tatu juu ya maji na usafi, na kila aliyehudhuria alipewa tisheti na cheti. Bibi mmoja mzee, mtu wa Uvira, akamshika mkono na kumwuliza neno lile maana yake nini.

"Maana yake bingwa, Bibi."

Bibi akamtazama toka kichwani hata miguuni. "Umemshinda nani?"

Kijana akacheka. "Sikumshinda mtu, Bibi. Wametuchagua tu tuwe mabingwa wa usafi."

Bibi hakucheka. Akasema, "Kama hukumshinda mtu, basi umesimama mahali pa nani?"

Sisi tulikuwa karibu, tukasikia, tukaondoka na swali hilo mpaka nyumbani. Bibi yule hakusoma shule, lakini kwa maswali yake mawili alikuwa amelipasua neno lile katikati. Bingwa ni yule anayeshinda watu, au ni yule anayesimama kwa ajili ya watu? Jambo hili si la vitabu tu, wapendwa. Sisi tuliofukuzwa na vita tumehitaji sana mtu wa kusimama kwa ajili yetu, na watoto wetu wanakua wakitafuta bingwa wa kumfuata. Tukikosea neno, tutakosea na mtu.

UKOO WA NENO

Katika Kiswahili tunayo maneno kadhaa ya jamaa hii. Bingwa, tangu zamani, ni mtu hodari wa kazi yake, mjuzi asiyebabaishwa. Ndiyo sababu mpaka leo tunasema daktari bingwa. Hatuna maana kwamba amewashinda madaktari wenzake mbio, bali kwamba ameuchimba ugonjwa mmoja mpaka akaujua. Shujaa ni neno lililotoka Kiarabu, nalo ni la moyo: mtu asiyekimbia, ashinde asishinde. Majirani zetu Waganda husema nnantameggwa, yaani yule asiyeweza kuangushwa, na hilo ni neno la uwanja wa mieleka. Sisi tuliokulia Kongo tuliokota la Kifaransa tukasema shampio. Tanzania wana gazeti la michezo walilolipa jina la Championi.

Hilo la Kifaransa na lile la Kiingereza ni ndugu, na mzazi wao ni Kilatini. Katika Kilatini campus ni uwanja, mahali wazi. Kutoka hapo likaja neno campio, mtu wa uwanjani, yule anayeingia uwanjani kupigana. Lakini alikuwa anapigana kwa sababu gani? Hapo ndipo historia inapotufundisha.

Katika nchi nyingi za Ulaya zamani ilikuwako desturi ya kuamua kesi kwa pigano. Watu wawili wakishitakiana na ushahidi hautoshi, waliingizwa uwanjani wapigane, kwa imani kwamba Mungu atampa ushindi mwenye haki. Uingereza waliletewa desturi hiyo na Wanormani walioiteka nchi mwaka 1066. Sasa mjane afanyeje? Mzee afanyeje, na kilema, na mtumishi wa kanisa ambaye haruhusiwi kushika silaha? Watu wa namna hiyo waliruhusiwa kumweka mtu mwingine apigane mahali pao. Huyo ndiye aliyeitwa champion. Akishinda yeye, mjane ameshinda. Akianguka yeye, mjane ameanguka pamoja naye.

Kwa hiyo Bibi wa Uvira alikuwa amegusa mzizi bila kuuona. Maana ya mtu wa kombe na medali ilikuja baadaye sana. Ya zamani ilikuwa hii: mtu anayesimama mahali pa asiyeweza kusimama.

Hata hivyo tusiisifu mno desturi ile. Walikuwako mabingwa wa kukodiwa, na anayekodi ni mwenye mali. Tena misuli haijui haki. Mwaka 1817 msichana mmoja wa Kiingereza, Mary Ashford, alikutwa amekufa, na kijana aitwaye Abraham Thornton akashitakiwa. Mahakama ilimwachilia. Ndugu yake marehemu, William, akafungua shitaka upya kwa sheria ya zamani, na Thornton naye akajibu kwa sheria ya zamani: akadai haki ya kupigana, akatupa glavu yake sakafuni mbele ya majaji. William hakuwa na mwili wa kupambana na mtu yule, akakataa. Mwezi wa Aprili 1818 Thornton akaenda zake huru, na mwaka uliofuata, 1819, bunge likafuta sheria hiyo. Hatusemi kwamba Thornton alikuwa na hatia. Tunasema tu kwamba siku ile uzito wa mkono ulikaa kwenye kiti cha ushahidi. Sisi tuliotoka katika nchi ambamo mwenye bunduki ndiye mwenye shamba, hatuhitaji kuelezwa zaidi.

MTU WA KATIKATI

Sasa tufungue 1 Samweli sura ya 17. Biblia yetu ya Kiswahili inamwita Goliathi shujaa. Tulipokuwa chuo cha Biblia, mwalimu wetu wa Agano la Kale alituonyesha kwamba katika mstari wa 4 Kiebrania kinatumia maneno ya pekee, ambayo ukiyatafsiri moja kwa moja ni "mtu wa katikati," yaani mtu wa ile nafasi iliyopo baina ya majeshi mawili. Huku jeshi, kule jeshi, katikati bonde, na bondeni mtu mmoja.

Tuliposikia hivyo mara ya kwanza tulishangaa, maana tulikuwa tumehubiri juu ya Goliathi kwa miaka bila kujua jina la kazi yake. Kisha tukaona jambo lingine. Israeli walikuwa na bingwa wao tayari. Katika sura ya 8 wazee waliomba mfalme ili awatangulie na kuwapigania vita vyao. Wakapewa Sauli, mtu aliyewapita wote kwa urefu toka mabegani kwenda juu. Kwa kipimo cha mwili, kwa cheo na kwa ahadi, mtu wa kushuka bondeni alikuwa yeye. Lakini Sauli alibaki hemani akiogopa pamoja na wengine, akitangaza zawadi kwa yeyote atakayekwenda badala yake. Alikuwa na tisheti, kama tungesema leo, lakini nafasi ya katikati ilikuwa tupu.

Aliyeijaza ni kijana aliyeletea kaka zake chakula. Na hata baada ya ushindi wake, tazameni Wafilisti walivyofanya. Goliathi alikuwa amesema kwamba akiuawa, watu wake watakuwa watumwa wa Israeli. Alipoanguka hawakutimiza neno hilo hata kidogo, walikimbia, na vita vikaendelea miaka mingi. Kwa hiyo bingwa hamalizi vita vya watu. Anafanya jambo dogo zaidi na la lazima zaidi: anaondoa hofu iliyowafunga wengine miguu. Siku arobaini jeshi zima lilikuwa halisogei. Mmoja alipokwenda, wote wakaenda.

"TUMESHINDA"

Mtu atauliza, je, maana hiyo ya zamani imekufa, na siku hizi bingwa ni mwenye kombe tu? Sisi twaona haijafa. Imejificha ndani ya neno "tumeshinda."

Mkumbuke Desemba 2010, wakati TP Mazembe ya Lubumbashi ilipocheza mashindano ya vilabu vya dunia huko Abu Dhabi. Waliwafunga Internacional ya Brazili mabao 2 kwa 0, wakawa klabu ya kwanza ya Afrika kuingia fainali hiyo. Wakongo kila mahali, hata wale waliokuwa wakilala chini ya turubai, walisema, "Tumeshinda!" Nani alishinda? Sisi hatukugusa mpira. Lakini tulisema "tu," kwa sababu tulihisi kwamba wale kumi na mmoja wamesimama mahali petu, mbele ya ulimwengu ambao ulikuwa umezoea kututaja kwa vita na huruma. Siku chache baadaye Inter ya Milano ikawafunga 3 kwa 0, na wengi wetu tukabadili lugha: "Wamefungwa." Wakishinda, sisi. Wakishindwa, wao. Hapo mtu anaweza kujipima kama anampenda bingwa wake au anapenda ushindi tu.

Watu wa upande huu wa Uganda wanalijua somo hilo vizuri, maana mlima Elgon umezaa wakimbiaji. Stephen Kiprotich, mwana wa Sebei, alichukua dhahabu ya marathoni London mwaka 2012. Joshua Cheptegei, wa Sebei vilevile, alikimbia mbio za nyika za dunia jijini Kampala mwezi Machi 2017, mbele ya watu wa nchi yake. Aliongoza, watu wakaanza kushangilia, kisha katika mzunguko wa mwisho nguvu zikamwishia, akayumba kama mlevi, akamaliza wa 30. Hakulala njiani. Alifika mwisho mbele ya macho yale yale yaliyokuwa yamemwona akiongoza. Mwaka 2019 alishinda mbio hizo hizo huko Denmark, mwaka 2020 akaweka rekodi ya dunia ya mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11, na mwaka 2024 akachukua dhahabu ya mbio hizo Paris. Sisi tunapozungumza na vijana hatuanzi na Paris. Tunaanza na ule mzunguko wa mwisho wa Kampala.

Na yuko mmoja ambaye wakimbizi wote wanapaswa kumjua. John Akii-Bua, polisi kutoka Lango, alishinda mbio za mita 400 za kuruka viunzi huko Munich mwaka 1972, kwa sekunde 47.82, akaweka rekodi ya dunia. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa Uganda. Miaka saba baadaye, serikali ya Amin ilipoanguka mwaka 1979, bingwa huyo alikimbilia Kenya, akawekwa katika kambi ya wakimbizi. Yule aliyekimbia mbele ya dunia nzima akaketi kama sisi tunavyoketi, akingoja mtu amwulize jina. Baadaye alitambuliwa, akasaidiwa kwenda Ujerumani, na mwishowe akarudi nyumbani, akafariki Kampala mwaka 1997. Tunawaambia watoto wetu habari hii kwa sababu mbili. Kwanza, ukimbizi hauondoi kitu kilicho ndani ya mtu. Pili, hata bingwa anafika siku ambayo anahitaji mtu wa kusimama kwa ajili yake.

BINGWA ASIYE NA BINGWA

Sababu hiyo ya pili ina jeraha bichi katika mlima huu. Rebecca Cheptegei alikuwa askari wa Uganda na mkimbiaji, bingwa wa dunia wa mbio za milimani mwaka 2022. Agosti 2024 alikimbia marathoni ya Olimpiki Paris. Wiki tatu baadaye, Jumapili ya tarehe 1 Septemba, mwanamume aliyekuwa mwenzi wake alimmwagia petroli na kumwasha moto nyumbani kwake, upande wa Kenya wa mlima huu. Alifariki hospitalini Eldoret tarehe 5 Septemba. Alizikwa Bukwo.

Wapendwa, mwanamke huyo alikuwa na kila kitu ambacho uwanja unaweza kumpa mtu: miguu, medali, jina, bendera kifuani. Havikumkinga mlangoni pake. Tunaandika haya kwa wanaume wa jamaa zetu hasa. Ninyi mnaoshangilia mabingwa kwenye runinga, na jioni mke wa jirani analia nyuma ya ukuta mnaongeza sauti ya runinga, mkisema ni mambo ya nyumba yao, je, mahali pa katikati mmemwachia nani? Sisi wachungaji hatusemi hivi tukiwa tumesimama pembeni. Mara ngapi tumeletewa kesi kama hiyo, tukamwambia mama, "Vumilia, omba"? Kuvumilia ni neno la Mungu likisemwa na anayeumia. Likisemwa na anayetaka kulala mapema, ni neno la Sauli hemani.

WANAWAKE WALIOUZA MANANASI

Kwetu Kivu ya Kusini yuko mtu ambaye maana zote mbili zimekutana ndani yake. Dakta Denis Mukwege wa Bukavu, mtoto wa mchungaji, ni daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake. Huyo ni bingwa wa Kiswahili cha zamani, mjuzi wa kazi. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi akitaka kuwasaidia akina mama wanaojifungua. Vita vikamletea wanawake walioharibiwa kwa ubakaji, naye akawashona, mmoja baada ya mwingine, kwa maelfu. Kisha akaona kushona peke yake hakutoshi, akaanza kusema mbele ya mataifa. Hapo akawa bingwa wa ile maana nyingine, mtu wa katikati.

Mwezi Oktoba 2012 watu wenye silaha walimngoja nyumbani kwake. Yeye aliokoka, lakini mlinzi wake aliuawa. Akaondoka na familia yake kwenda Ulaya, na nani angemlaumu? Sisi wote tumekimbia kwa hatari isiyo na jina kubwa kama hiyo. Lakini wanawake wa Kivu, maskini, wengi wao walikuwa wagonjwa wake, wakaanza kuuza mananasi na vitunguu ili wapate nauli ya ndege ya kumrudisha. Januari 2013 akarudi. Mwaka 2018 alipewa Nobeli ya Amani pamoja na Nadia Murad wa Iraki.

Dunia inakumbuka Nobeli. Sisi tunakumbuka mananasi. Maana katika hadithi nyingi za mabingwa, mnyonge hukaa pembeni akingoja kuokolewa. Hapa wanyonge walimtetea mtetezi wao. Hawakumwambia, "Wewe ndiwe shujaa, sisi hatuna nguvu." Walihesabu vitunguu. Ni kama Haruni na Huri walipoishika mikono ya Musa isishuke, katika Kutoka 17. Mikono ilikuwa ya Musa, lakini nguvu za kuiinua zilikuwa za watatu.

CHEREHANI

Sasa tuwaambie kosa letu, ili msidhani tunafundisha tu wengine.

Miaka michache iliyopita mjane mmoja wa ushirika wetu alishindwa kulipa kodi ya nyumba kwa miezi minne. Mwenye nyumba akamchukulia cherehani yake. Mama huyo hakujua Kiganda wala Kiingereza, na Kiswahili chake kilikuwa kinakwama kwa hofu. Tukaamua kwamba sisi tutakuwa watetezi wake. Tulivaa makoti, tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, tukasema vizuri sana. Tulitaja Sheria ya Musa juu ya wajane. Tulieleza habari za vita. Hata mwenye nyumba alilainika, akakubali: deni lote lifutwe, naye abaki na cherehani. Tukapeana mikono. Tulitoka pale tukijisikia kama Daudi.

Mama alikuwa ameketi nje. Tulipomweleza, alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa upole, "Mchungaji, deni ningelilipa. Ningelilipa kwa ile cherehani."

Hatukuwa tumemwuliza. Tulisimama mahali pake kiasi kwamba yeye mwenyewe hakupata mahali. Tulimtetea kwa mdomo wetu, tukamnyang'anya mkono wake. Tulirudi kwa mwenye nyumba, lakini cherehani ilikuwa imekwisha kuuzwa. Ushirika ulichanga ikapatikana nyingine iliyotumika, na mama akaipokea kwa shukrani. Lakini sisi tunajua kwamba shukrani ile ilikuwa msamaha.

Ndipo tulipoelewa hatari iliyomo ndani ya neno hili jema. Yule bingwa wa zamani aliwekwa na mjane mwenyewe. Mjane ndiye aliyekuwa na kesi, ndiye aliyemtuma. Siku hizi wako wengi wanaojiweka. Wanatuzungumzia katika mikutano ambayo sisi hatukuitwa. Picha zetu zimo, sauti zetu hazimo. Tunawashukuru wote wanaotusaidia, na Mungu awalipe, lakini mtetezi wa kweli huanza kwa kuuliza. Bwana wetu alipoitwa na Bartimayo kipofu, njiani Yeriko, alijua vema tatizo lake. Kila mtu alilijua. Hata hivyo alimwuliza anataka afanyiwe nini (Marko 10:51). Kama Bwana aliuliza, sisi ni nani hata tusiulize?

BASI BINGWA NI NANI?

Watangazaji wa mpira wana msemo: bingwa mtetezi. Maana yake ni yule aliyeshinda mwaka jana na sasa analinda kombe lake lisichukuliwe. Tunaupenda msemo huo kwa sababu umeyaweka maneno mawili pamoja, kisha tunausikitikia kwa sababu kinachotetewa ndani yake ni kombe. Kombe halina njaa. Kombe halilii usiku. Paulo, ambaye aliwajua wakimbiaji wa Korintho, alisema juu ya taji zao kwamba zinaharibika (1 Wakorintho 9:25).

Jibu letu kwa Bibi wa Uvira ni hili. Kushinda ni jambo zuri, na kijana akikimbia vizuri, tumshangilie. Kujua kazi ni jambo zuri zaidi, na tunawahimiza vijana: usitafute kuwa bingwa kwenye nyumba za kubeti, ambako unalipa ili wengine wakimbie na wewe usiondoke kwenye kiti. Uwe bingwa wa useremala, wa ushonaji, wa hesabu. Lakini juu ya yote ni kukubali kuwa mtu wa katikati pale unapohitajika, kwa ruhusa ya yule unayesimama kwa ajili yake, na kuondoka mara anapoweza kusimama mwenyewe. Mtu anaweza kufanya hivyo bila medali. Binti anayemfasiria mama yake kliniki, asiongeze neno lake mwenyewe, ni bingwa. Jirani anayebisha mlango wakati kelele zimezidi ni bingwa, hata kama magoti yake yanatetemeka.

Na kwa sisi tulioamini, liko jambo la mwisho. Ayubu katika sura ya 9 alilalamika kwamba hakuna mtu wa katikati awezaye kuweka mkono mmoja juu ya Mungu na mwingine juu yake. Huo ulikuwa wito wa mtu asiye na bingwa. Tunakiri kwamba wito huo ulijibiwa, na 1 Timotheo 2:5 inamtaja aliyeujibu. Lakini tazameni alivyoshinda. Kwa macho ya uwanja, alishindwa. Umati ulimwacha, rafiki zake walisema "wao" badala ya "sisi," naye akafa nje ya mji, mahali pa waliofukuzwa. Mtoto aliyebebwa usiku kwenda Misri akiwa mkimbizi alimaliza safari yake nje ya lango. Ndiyo maana hatuoni aibu kumwita wetu. Hakusimama juu yetu, alisimama mahali petu.

Yule kijana wa tisheti bado anaivaa. Wiki iliyopita tulimkuta kwenye bomba, asubuhi mapema, akimtwika Bibi wa Uvira ndoo ya maji. Bibi alituona tunatazama, akasema, "Huyu sasa naanza kulisoma lile neno lake."

Bwana awabariki na kuwalinda, ninyi na watoto wenu, hapa tulipo na kule tulikotoka.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi vya nyumbani:

1. Katika safari yako ya ukimbizi, ni nani aliyesimama mahali pako? Je, uliwahi kumshukuru?
2. Je, umewahi kumtetea mtu bila kumwuliza anataka nini? Matokeo yalikuwa nini?
3. Karibu na mlango wako, mahali pa katikati palipo wazi ni wapi?